Mapato ya kaya na gharama za maisha: Kwa nini shilingi ya Ngaremara si shilingi ya Nairobi

KAYA mbili zaweza kupata kiasi kilekile cha fedha kwa mwezi, moja ikalala imeshiba na nyingine ikalala njaa. Tofauti hiyo hutokana na mahali kaya ilipo, bei zinazotozwa huko, idadi ya watu wanaokula kutokana na fedha hizo, na uhakika wa kuzipata tena mwezi unaofuata.

Wadi ya Ngaremara, katika eneobunge la Isiolo Kaskazini, ni mahali panapofaa kujifunzia jambo hili. Wadi hiyo iko kaskazini mwa mji wa Isiolo, kandokando ya barabara kuu iendayo Archer's Post, Marsabit na Moyale, jirani na Hifadhi ya Wanyama ya Buffalo Springs. Wakazi wake wengi ni Waturkana, na majirani zao ni Wasamburu, Waborana, Wasomali na Wameru. Riziki yao hutokana na mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, pamoja na vibarua, kuni na makaa, biashara ndogo za kando ya barabara na ruzuku za serikali.

Kila serikali inapogawa fedha za maendeleo, au inapoamua ni familia zipi zisaidiwe wakati wa ukame, hutegemea takwimu zinazolinganisha kaya za maeneo kama hayo na kaya za Nairobi, Nyeri au Mombasa. Makala haya yanaeleza takwimu hizo hupatikana vipi, zinaonyesha nini, na ni wapi zinapoweza kumpotosha msomaji.

KAYA NA MAPATO YAKE

Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, kaya ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi katika makao mamoja, wanaomtambua kiongozi mmoja na kula kutoka chungu kimoja. Mfugaji aliyehama na mifugo kwa miezi mitatu bado anaweza kuwa wa kaya yake, na kijana anayefanya kazi mjini aweza kuwa na kaya yake mwenyewe ilhali fedha zake huwalisha wazazi kijijini.

Ukubwa wa kaya hutofautiana sana. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaya ya wastani nchini Kenya ilikuwa na watu 3.9. Nairobi ilikuwa na watu 2.9, Isiolo 4.6 na Mandera 6.9. Kwa hiyo mapato yaleyale yanayogawanywa kwa watu watatu jijini huenda yakagawanywa kwa watano Isiolo na kwa saba Mandera.

Kuhusu mapato, wengi hufikiria mshahara pekee. Mtaalamu wa takwimu huongeza faida ya biashara, mauzo ya mifugo, fedha zinazotumwa na jamaa kwa simu, ruzuku ya serikali, na pia vitu ambavyo kaya huvitumia bila kuvinunua. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri na kunywewa na watoto hayakupita sokoni, lakini yana thamani. Yasipohesabiwa, mfugaji ataonekana maskini kuliko alivyo. Yakihesabiwa kwa bei ya mjini, ataonekana tajiri kuliko alivyo.

Kwa sababu hiyo, tafiti kubwa za Kenya hupima hali ya kaya kwa kuangalia matumizi yake. Mapato ya mfugaji au kibarua hupanda na kushuka, na watu wengi husita kuyataja. Chakula kilicholiwa wiki iliyopita ni rahisi zaidi kukumbukwa.

MSTARI WA UMASKINI

Utafiti wa Bajeti za Kaya uliofanywa na KNBS mwaka 2015/16 uliweka mstari wa umaskini wa Sh3,252 kwa mwezi vijijini na Sh5,995 mijini. Hicho ndicho kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mzima mmoja kwa chakula na mahitaji mengine ya lazima. Mstari wa chakula pekee ulikuwa Sh1,954 vijijini na Sh2,551 mijini.

Tarakimu hizo zenyewe zina funzo. Kwa upande wa chakula, mji ulikuwa ghali kuliko kijiji kwa takriban Sh600 tu. Pengo kubwa lilitokana na mahitaji mengine, kama vile kodi ya nyumba, nauli, mafuta na huduma. Mkazi wa Nairobi hulipia karibu kila kitu, kuanzia paa linalomfunika hadi safari ya kwenda kazini. Mkazi wa kijiji cha Ngaremara aliyejijengea makao katika ardhi ya jamii halipi kodi ya nyumba.

Hatua ya pili ni kuwahesabu walaji. Mtoto hali sawa na mtu mzima, kwa hiyo KNBS humhesabu mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa 0.24 ya mtu mzima, na mtoto wa miaka mitano hadi 14 kuwa 0.65. Aliyetimiza miaka 15 huhesabiwa kuwa mtu mzima kamili.

Tuchukue mfano wa kaya yenye baba, mama, nyanya, watoto wawili wa shule ya msingi na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Watu wazima ni watatu, watoto wa shule ni 1.30 na mdogo ni 0.24. Jumla ni 4.54. Kwa mstari wa 2015/16, kaya hiyo ilihitaji takriban Sh14,764 kwa mwezi kijijini, na takriban Sh27,217 mjini.

MSHAHARA WA CHINI KISHERIA

Sheria ya Kenya nayo inakubali kwamba maisha hayana bei moja kila mahali. Agizo la mishahara ya chini huigawa nchi katika makundi matatu: miji mikubwa ikiwemo Nairobi, Mombasa na Kisumu, maeneo yaliyokuwa chini ya mabaraza ya manispaa pamoja na miji michache iliyotajwa, na maeneo mengine yote. Ngaremara imo katika kundi la tatu.

Agizo la mwaka 2015 liliweka mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida kuwa Sh10,954.70 kwa mwezi katika miji mikubwa, na Sh5,844.20 katika kundi la tatu. Agizo la mwaka 2024 liliupandisha hadi Sh16,113.75 na Sh8,596.49. Katika maagizo yote mawili, kibarua wa kundi la tatu aliruhusiwa kulipwa zaidi kidogo tu ya nusu ya mwenzake wa Nairobi.

Kwa mtazamo wa kwanza, huo unaonekana kuwa ubaguzi dhidi ya kijiji. Hata hivyo, tukiuweka mshahara wa 2015 kando ya mahitaji ya kaya yetu ya mfano, matokeo yanashangaza. Mshahara wa mjini ulitosheleza asilimia 40 ya Sh27,217 zilizohitajika. Mshahara wa kijijini ulitosheleza asilimia 40, kasoro kidogo, ya Sh14,764. Kwa maneno mengine, mshahara mmoja wa chini haukuilisha kaya ya watu sita popote pale, na upungufu wake ulikuwa karibu sawa Nairobi na kijijini.

Basi tofauti ya kweli iko wapi? Jibu ni kwamba Nairobi kuna waajiri, na baba na mama waweza wote wawili kutafuta ujira. Ngaremara ajira ya mshahara ni chache, na kibarua hupatikana kwa siku. Sheria inataja ujira wa mwezi, ilhali mtu wa Ngaremara huwa na uhakika wa siku moja, pengine mbili. Ulinganisho wa mshahara kwa mshahara humwacha nje mtu asiye na mshahara.

PENGO KATI YA KAUNTI

Utafiti wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya waliishi chini ya mstari wa umaskini. Mgawanyo wake kwa baadhi ya kaunti ulikuwa kama ifuatavyo:

Nairobi: asilimia 16.7
Nyeri: asilimia 19.3
Meru: asilimia 19.4
Mombasa: asilimia 27.1
Laikipia: asilimia 45.9
Isiolo: asilimia 51.9
Marsabit: asilimia 63.7
Samburu: asilimia 75.8
Turkana: asilimia 79.4

Meru na Isiolo zimepakana. Anayetoka mashamba ya Meru akateremka hadi mji wa Isiolo husafiri kwa muda mfupi tu, lakini katika safari hiyo huvuka kutoka kaunti ambako maskini ni mmoja kati ya watano hadi kaunti ambako ni zaidi ya mmoja kati ya wawili. Kiwango cha mvua hubadilika katika mteremko huohuo, na riziki hubadilika pamoja nacho.

Ripoti ya KNBS kuhusu mwaka 2022 ilionyesha umaskini kitaifa ukiwa asilimia 39.8, na Turkana bado ikiongoza kwa asilimia 82.7.

Asilimia 51.9 ya Isiolo inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Tafiti hizo hupangwa ili zitoe picha ya kaunti nzima. Ndani ya wastani huo wamo wafanyabiashara na watumishi wa umma wa mji wa Isiolo, wafugaji wa Merti na Garbatulla, na kaya za Ngaremara. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, huigawa Isiolo katika kanda tatu za riziki: kanda ya wafugaji, kanda ya wafugaji wanaolima, na kanda ya vibarua pamoja na wauzaji wa kuni na makaa. Kaya za kanda hizo haziathiriwi na bei kwa namna moja, hata kama zimo katika kaunti moja.

KIKAPU CHA MKAZI WA NGAREMARA

Mfumko wa bei unaotangazwa kila mwezi hutokana na kikapu cha bidhaa na huduma ambazo kaya za Kenya hununua. Katika kikapu kilichoanza kutumika mwaka 2020, chakula na vinywaji visivyo na kileo vilipewa uzito wa asilimia 32.91. Nyumba, maji, umeme na gesi vilipewa asilimia 14.61, na usafiri asilimia 9.65.

Kikapu hicho kinamfaa mkazi wa mjini. Kaya maskini ya mashambani hutumia zaidi ya nusu ya mapato yake kwa chakula. Kwa hiyo bei ya unga ikipanda kwa asilimia 20, mwenye mshahara mzuri mjini hunung'unika, lakini mama wa Ngaremara hupunguza mlo mmoja. Mfumko uliotangazwa redioni ni mmoja, lakini waliousikia hawakuumia kwa kiasi kimoja.

Uchukuzi nao una gharama yake. Mahindi, maharagwe na mboga huingia Isiolo kutoka sehemu za kilimo, Meru ikiwa ya karibu zaidi. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na vifaa vya ujenzi hutoka mbali zaidi. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ya mafuta kwa kila mji, ikizingatia gharama ya kuyasafirisha kutoka Mombasa. Ndiyo maana mafuta ya taa na petroli huwa nafuu Mombasa na ghali zaidi Mandera. Gharama hiyo huingia katika nauli ya bodaboda, na kutoka hapo huingia katika kila gorogoro la mahindi lililopandishwa pikipiki hadi kijiji kilicho mbali na lami.

Barabara imepunguza sehemu ya mzigo huo. Kwa miaka mingi Isiolo ilijulikana kuwa mahali lami ilipoishia. Ujenzi wa barabara ya Isiolo hadi Moyale ulianza mwaka 2007 na ukakamilika katikati ya muongo uliofuata. Ngaremara, iliyo katika barabara hiyo, ilipata njia ya haraka ya kufikia soko la Isiolo. Kijiji kilicho kando ya lami na kijiji kilicho ndani saa kadhaa kwa miguu havina tena bei moja, ingawa vimo katika wadi moja.

Maji ni mfano mwingine. Mwenye bomba nyumbani hulipa kwa mita. Asiye na bomba hununua kwa mtungi wa lita 20, au hulipa kwa saa za mama na binti wanaokwenda kuyateka. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 2006, iliyotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilionyesha kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda duniani mara nyingi hulipa mara tano hadi kumi zaidi kwa kila lita kuliko matajiri wa mji uleule. Kwa hiyo gharama ya chini ya maisha si jambo ambalo maskini hulipata kwa sababu tu ni maskini, awe mjini au kijijini. Saa za kuteka maji nazo haziingii katika kikapu chochote cha bei.

MBUZI NA GUNIA LA MAHINDI

Katika maeneo ya wafugaji, kipimo kinachoeleza hali ya kaya kwa ukaribu zaidi ni idadi ya kilo za mahindi zinazoweza kununuliwa kwa kuuza mbuzi mmoja. NDMA hufuatilia kipimo hicho katika taarifa zake za kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Isiolo ikiwemo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu bei za siku yoyote. Mwaka wa mvua njema, mbuzi auzwa Sh4,000 na kilo ya mahindi ni Sh50. Mbuzi huyo hununua kilo 80. Ukame ukija, mbuzi aliyekonda auzwa Sh2,500 na kilo ya mahindi imefika Sh80. Sasa mbuzi hununua kilo 31 tu. Bei ya mbuzi imeshuka kwa chini ya asilimia 40, lakini chakula anachoweza kuleta nyumbani kimepungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Hapo ndipo kaya ya mfugaji inapotofautiana na kaya ya mwenye mshahara. Mahindi yakipanda bei, mwalimu wa Nyeri hupungukiwa, lakini mshahara wake haushuki siku hiyohiyo. Kwa mfugaji, mambo hayo mawili hutokea pamoja, kwa sababu chanzo chake ni kimoja. Mvua isiponyesha, malisho hukauka, mifugo hudhoofika, wauzaji huongezeka sokoni na mavuno ya mahindi hupungua.

Amartya Sen, mwanauchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na baa la njaa. Akichunguza, miongoni mwa mengine, yaliyowapata wafugaji wa Ethiopia na Sahel katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba watu waweza kufa njaa chakula kikiwepo sokoni, ikiwa walicho nacho hakinunui tena chakula hicho.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulirudisha funzo hilo. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika hadi mwishoni mwa 2022, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 ilikufa nchini Kenya. Kwa mwenye mshahara, mwaka mbaya huisha unapoisha. Kwa mfugaji aliyepoteza mifugo, mapato ya miaka kadhaa ijayo yamekufa pamoja nayo, na kundi hujengwa upya polepole. Wengi wasio na mifugo tena hugeukia makaa, kuni na kibarua, na wakiwa wengi katika kazi hizo, bei ya makaa na ujira wa kibarua hushuka pia.

PENGO LILIVYOJENGWA

Tofauti hizi zina historia. Katika enzi ya ukoloni, mapato nchini Kenya yaliandikwa na kupangwa kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika. Mwafrika aliyeajiriwa mjini alilipwa ujira wa mtu asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto wangelishwa na shamba la nyumbani. Mwaka 1954, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza kwamba ujira wa Mwafrika uzingatie mahitaji ya familia. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilimhusu aliyeajiriwa.

Kaskazini hali ilikuwa tofauti. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902, na baadaye Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934, ziliwazuia watu kuingia na kutoka bila idhini, na zikatia pingu biashara ya mifugo. Isiolo ilikuwa lango na makao ya utawala wa wilaya hizo za mpakani. Baada ya Uhuru vikafuata vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyoendelea katika eneo hilo hadi 1991. Sheria hizo mbili zilifutwa mwaka 1997 tu.

Kuna pia uamuzi wa kiuchumi. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo, ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Matunda yake yalitarajiwa kusambazwa baadaye kwa wengine. Kwa hesabu hiyo, maeneo ya wafugaji yaliwekwa mwisho wa foleni. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ililihesabu eneo la kaskazini, pamoja na Isiolo, miongoni mwa maeneo yaliyotengwa kiuchumi.

FEDHA ZA UMMA ZINAFUATA TAKWIMU

Katiba ya 2010 ilijaribu kugeuza mwelekeo huo. Ibara ya 204 ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, inayopewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Orodha ya kwanza ilikuwa na kaunti 14, Isiolo ikiwa mojawapo.

Baadaye Tume ya Ugavi wa Mapato, CRA, iliacha kuhesabu kwa kaunti na kushuka hadi ngazi ya kata ndogo. Ilitambua maeneo 1,424 yaliyotengwa katika kaunti 34. Sababu yake ni ileile iliyoelezwa hapo juu: wastani wa kaunti huficha. Kata tajiri ndani ya kaunti maskini ilikuwa ikinufaika, na kata maskini ndani ya kaunti tajiri ikisahaulika.

Kuna pia ruzuku zinazokwenda moja kwa moja kwa kaya. Mpango wa serikali wa kukabili njaa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000 katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, baadaye ulipanuliwa hadi kaunti nyingine za wafugaji, Isiolo ikiwemo. Kiwango kilichowekwa katika miaka ya 2010 kilikuwa Sh5,400 kwa kila kaya kwa miezi miwili, yaani Sh2,700 kwa mwezi. Kwa kaya yetu ya mfano, hiyo ilikuwa chini ya tano moja ya mahitaji ya kijijini ya 2015/16. Kiasi hicho hakimwondoi mtu katika umaskini. Thamani yake ni kwamba kinaweza kumwepusha kumuuza mbuzi jike wa mwisho wakati bei ikiwa chini kabisa.

Bima ya mifugo nayo imelenga pengo hilohilo. Ilianza Marsabit mwaka 2010 kwa kutumia picha za setilaiti zinazopima hali ya malisho. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wake Turkana na Wajir, ambao baadaye uliifikia Isiolo.

MAJIRANI NA DUNIA

Kenya haiko peke yake. Nchini Tanzania Bara, utafiti wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa Sh49,320 za Tanzania kwa mtu mzima kwa mwezi. Umaskini wa kitaifa ulikuwa asilimia 26.4, lakini Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8 pekee. Nchini Uganda, utafiti wa 2019/20 ulionyesha asilimia 20.3 kitaifa na asilimia 65.7 katika Karamoja, eneo la wafugaji wenye undugu na Waturkana. Pande zote mbili za mpaka, ramani ya umaskini inafuata ramani ya mvua na barabara.

Marekani huchapisha mapato ya kaya kwa jimbo na kwa rangi, na pia kipimo cha bei za kila jimbo, ili ijulikane dola moja inanunua nini Mississippi ikilinganishwa na California. Mwaka 2022, mapato ya kati ya kaya za Wamarekani weusi yalikuwa karibu dola 53,000. Kwa Mkenya, tarakimu hiyo huonekana kuwa utajiri, mpaka akumbuke kwamba kodi ya nyumba, bima ya afya na gari huko hulipwa kwa dola hizohizo.

NAMNA YA KUSOMA TARAKIMU

Msomaji anayekutana na taarifa kwamba eneo fulani lina mapato makubwa au madogo anaweza kujiuliza maswali haya:

1. Je, ni mapato ya mtu mmoja au ya kaya, na kaya hiyo ina watu wangapi?

2. Je, vitu vinavyozalishwa na kutumiwa nyumbani, kama maziwa, vimehesabiwa?

3. Je, tarakimu ni ya mwaka gani, na bei zimepanda kiasi gani tangu hapo?

4. Je, ni wastani wa eneo kubwa kiasi gani, na nani amefichwa ndani yake?

5. Je, mapato hayo ni ya hakika, au ni ya mwaka wa mvua pekee?

Swali la tano ndilo husahaulika zaidi. Mwenye mshahara na mfugaji wanaweza kuwa na mapato sawa wakati mtafiti anapobisha hodi. Utafiti ukifanywa baada ya mvua njema, Ngaremara itaonekana kuwa na nafuu, na ukifanywa mwaka wa ukame itaonekana kuangamia. Tarakimu zote mbili zaweza kuwa sahihi. Mpango wa maendeleo unaotegemea moja tu kati ya hizo utakuwa na kasoro, na wa kwanza kuigundua ni yule aliyepeleka mbuzi sokoni akarudi na gorogoro chache kuliko alizozoea.